Tunaanguka Novemba, mnatuhesabu Agosti

Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo na Washauri wa Wanafunzi

Waheshimiwa, shikamooni.

Mwezi Agosti chuo chetu kilibandika matokeo ya mwaka. Sikuanza kutafuta jina langu. Nilitafuta la mwenzangu wa kitanda cha juu, nikalikuta kwenye karatasi ya mwisho, ile ambayo watu huisoma wakiwa wamesimama mbali kidogo. Mbele ya jina lake palikuwa na neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili cha shuleni ni moja tu: mtoro.

Hakutoroka. Aliondoka katikati ya Januari, saa 11 alfajiri, na begi moja. Aliniamsha akaniambia anakwenda nyumbani kidogo, nami nikamjibu haya, safari njema, huku najua harudi. Toka siku ile mpaka siku ya karatasi ni miezi 7, na katika miezi hiyo yote mtu mmoja tu wa chuo aliniuliza habari zake. Alikuwa mtunza hosteli. Alikuwa anatafuta ufunguo.

Naandika sasa kwa sababu wiki chache zijazo mtapokea wapya. Nimemaliza mwaka wa kwanza salama, sina sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata mmoja, kwa hiyo msinisome kama mtu mwenye kinyongo. Neno langu ni hili: wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mwisho wa mwaka wengi wao walishaanguka Novemba na Desemba, wakati bado hata mtihani mmoja haujafanyika, na wakati huo hakuna anayetazama.

Nianze na kengele. Nimesoma sekondari miaka 6, minne ya kutwa na miwili ya bweni. Bwenini kengele ilituamsha, ikatupeleka mstarini, ikatuingiza prepo, ikatulaza. Ukikosa namba ya usiku, matroni anakutafuta kwa tochi mpaka apatikane mtu au maelezo. Nikamaliza kidato cha sita, nikaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Huko kengele ikageuka filimbi, matroni akageuka afande, na kwenda chooni kwenyewe kulikuwa na mwendo wake, mbio. Nasema hivi bila kulalamika, JKT nilinenepa. Kisha, Novemba 2024, kimya.

Siku ya kwanza ya masomo niliamka saa 11 na nusu, nikaoga, nikavaa, nikatandika, nikaketi kitandani na daftari mapajani. Nilikuwa nasubiri, na ukiniuliza nilisubiri nini sijui mpaka leo. Mwenzangu wa juu alikuwa hivyohivyo, miguu inaning'inia. Saa 3 ndipo dada mmoja wa mwaka wa tatu alipochungulia akatuuliza kama tuna msiba.

Ratiba ilibandikwa kwa namba za masomo na majina ya kumbi tusizozijua. Siku hiyo nilikaa saa nzima kwenye mhadhara wa sheria ya ardhi, nikinukuu kila neno kwa bidii, nikidhani ndiyo Jiografia. Walikuwa wanataja ardhi, mngefanyaje? Mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka sasa. Ila mwezi ule sikumsimulia mtu. Mgeni wa chuo huogopa kuonekana mgeni kuliko anavyoogopa kupotea, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya asiulize pale swali linapokuwa dogo.

Mtasema wiki ya kuwapokea wapya mliiandaa kwa ajili hiyo. Kweli, nilihudhuria siku zote 3. Tuliketi ukumbini tangu asubuhi, wakapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine: maktaba, zahanati, dawati la jinsia, michezo, serikali ya wanafunzi, watu wa mitandao ya simu. Benki mbili zilipewa muda mrefu kuliko Mshauri wa Wanafunzi. Nilitoka na kofia, kalamu 2 na akaunti. Yale ya zahanati niliyahitaji mwezi wangu wa pili chuoni, ya maktaba nikayahitaji Januari, na ya ushauri nasaha mwenzangu aliyahitaji Desemba. Kufikia hapo kofia ilikuwa imeshapauka.

Sasa fedha, na hapa mnivumilie, maana ndipo penye uchungu.

Kwetu ni Newala. Baba ana mikorosho. Wanaojua kusini wanajua kwamba minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unakwenda ghalani, unanadiwa, naye anasubiri malipo yaingie benki. Msimu ule wa 2024 bei ilikuwa nzuri, ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua bati. Lakini karatasi ya chuo ilitaka fedha kabla ya usajili: sehemu ya ada isiyofunikwa na mkopo, bima ya afya 50,400, na michango mingine ambayo sikuielewa. Na bila kusajiliwa husaini boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, na bila boom huna cha kusajilia. Mkia umeumwa na kichwa.

Baba alitembea na karatasi ile siku 2, akiitoa mfukoni na kuirudisha. Siku ya tatu akauza magunia mawili kwa kangomba. Kwa asiyejua, kangomba ni kumuuzia mlanguzi korosho kwa siri kabla ya mnada, kwa bei anayotaka yeye. Ni kosa, serikali imelipiga vita miaka mingi, na msiniulize nani alinunua. Tulipata chini ya nusu ya bei ya mnada. Wiki 3 baadaye malipo halali ya magunia yaliyobaki yakaingia. Nimekwisha piga hesabu hiyo mara nyingi usiku: kama chuo kingenisajili kwa barua ya mkopo niliyokuwa nayo mkononi, kikanidai salio mwisho wa Novemba, baba angelipa bila kuvunja sheria na bila kupoteza hata shilingi.

Nilishuka Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, usiku na shilingi 60,000. Boom letu la kwanza tulilisaini wiki ya 5, kwa sababu usajili wa chuo chetu ulichelewa kukamilika. Wiki hizo nne za katikati ndizo ninazozisemea. Wali maharage wa mama ntilie 1,500. Kunakili madesa, yaani notisi za masomo, 100 kila ukurasa. Steshenari ya getini, kijana ananichapia asaimenti yangu ya kwanza kwa 1,000 kila ukurasa, kwa sababu kompyuta sikuwahi kuigusa, niliwahi kuiona tu kwa mwalimu mkuu ikiwa imefunikwa kitambaa. Nilimwandikia pia mhadhiri barua pepe kuomba muda uongezwe. Barua nzima, salamu kwa salamu, niliiandika kwenye ule mstari wa juu wa kichwa cha habari. Kule chini hakukuwa na kitu. Nilisubiri jibu wiki 2.

Na boom lilipokuja nikalichezea, sitaficha. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005 sidhani kama kuna fedha iliyosubiriwa na kuimbwa na vijana wa nchi hii kama hiyo. Siku hizi ni 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, iliongezwa kutoka 8,500, na inakuja ya siku 60 kwa mkupuo. Laki sita! Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi hata laki moja taslimu. Nililipa madeni ya duka 85,000, nikatuma nyumbani 150,000, nikanunua simu ya 190,000 na godoro la 70,000, maana lile la chuo lilikuwa na wenyeji wake. Ikabaki 105,000 na siku 59. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kuigawa, na usiniambie mtu mzima anajua: nchi nzima haijafundishwa kupokea mshahara wa miezi 2 siku moja.

Mwenzangu wa juu hakuwa hata na hilo la kuchezea. Yeye kwao ni Ukerewe, baba yake alishafariki. Cheti cha kifo hakikuwa kimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakati wa kuomba mkopo, kwa hiyo awamu ya kwanza ya mkopo ikampita, akawa anasubiri kurekebisha na kukata rufaa. Kosa la karatasi moja, la binti wa miaka 19 aliyejazia fomu yake kwenye kibanda cha intaneti. Tukawa tunakula sahani moja. Alipoona aibu ya sahani yangu, akaanza kuniambia ameshakula.

Mwezi huohuo wa Novemba Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Sisi hatukusikiliza taarifa ya habari. Yeye alikuwa ameshapakua moja. Alikopa 50,000, akapokea pungufu, na baada ya siku 7 akadaiwa zaidi ya alichokopa. Akakopa nyingine kulipa ile. Mikopo ya namna hiyo huitwa kausha damu, jina lake linajieleza. Desemba wakaanza kutuma ujumbe kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake: shangazi yake, mwalimu wake wa zamani wa dini, mimi, CR, yaani kiongozi wa darasa. Ujumbe wenyewe ulisema ni tapeli anayetafutwa. Nilimkuta bafuni amekaa juu ya ndoo yake ya bluu, simu imezimwa, maji yanamwagika. Aliniambia hawezi kuingia semina, kila mtu ameusoma.

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ilikuwa mwendo wa dakika 10 kutoka bafu lile. Nilimshauri aende. Akaniuliza, nikaseme nini, na kwa lugha gani? Nikakosa jibu.

La lugha ni kweli pia. Mimi nasomea ualimu, Jiografia na Kiswahili. Semina moja ya Jiografia mkufunzi aliuliza kwa nini watu wa uwanda wa Makonde waliishi karne nyingi juu kabisa ambako hakuna mto wala kisima. Waheshimiwa, mimi nimebeba hayo maji! Nimeshuka ukingo wa Newala na ndoo kabla ya jua, nikapanda nayo, naijua ile ardhi ya mchanga inayomeza mvua yote kisha kuitoa chini kabisa kwenye chemchemi. Nilikuwa na jibu la bibi yangu, la vita na usalama wa juu, na la mashamba. Nikanyanyua mkono nusu. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ilipokataa kukaa sawa kichwani, nikajifanya najikuna sikio. Akajibu kijana wa hapahapa Dar, kutoka kwenye desa, vizuri tu, na akakosea chemchemi.

Siombi mageuzi ya lugha ya kufundishia, hilo lina wenyewe na litajadiliwa mpaka tuzeeke. Naomba semina za wiki 6 za kwanza mkufunzi aruhusu mtu alitoe wazo kwa Kiswahili, kisha darasa lisaidiane kuliweka kwa Kiingereza. Yule mkufunzi muhula wa pili alifanya hivyo, kwa hiari yake, na ndipo nilipoanza kusikika. Haikumgharimu kitu.

Najua jibu linalonisubiri: chuo si sekondari, mwanachuo ni mtu mzima. Nimelisikia jukwaani, nimelisikia dirishani kwa mhasibu, na wanaolisema wengi wao walisoma zamani, wakati wanachuo walikuwa wachache. Oktoba 1961 elimu ya chuo kikuu ilipoanza hapa nchini, pale Mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, wanafunzi hawakufika 20, wote wa sheria. Asiyeonekana asubuhi alijulikana kabla ya chai. Leo hosteli za Magufuli peke yake, zile zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, ni majengo 20 yenye nafasi za watu 3,840. Hakuna anayetarajia Makamu Mkuu wa Chuo ajue jina langu. Lakini utu uzima wa zamani ulikuwa na majirani, na huu wetu tumeachiwa ukiwa mtupu.

Kwa hiyo siombi kengele. Naomba jicho, na naomba liwe la bei nafuu ili msiseme bajeti hairuhusu.

Kila semina ina karatasi ya mahudhurio. Tunaisaini, CR anaikusanya, inaingia kwenye droo. Isomwe. Kwa wiki 10 za mwanzo tu, mtu wa mwaka wa kwanza akikosa semina 3 mfululizo, apigiwe simu. Namba zetu mnazo, siku ya usajili mlizichukua kwenye fomu 4 tofauti. Mwenzangu alikosa semina kuanzia wiki ya pili ya Desemba. Simu moja ingemkuta bado yuko kitandani juu yangu.

Pili, vitanda. Ninyi mnajua na sisi tunajua kwamba wa mwaka wa pili wengi hukosa hosteli, wakahangaika na madalali mtaani wanaotaka kodi ya miezi 6 na ya kwao ya mwezi mmoja juu, au wakaishia kubebana, wawili kitanda cha futi mbili na nusu. Wapeni baadhi yao vitanda kwa kazi: kila mmoja awe na wapya 10 wa kuwafahamu kwa jina na kwa mlango. Asiwe kiongozi wala mwanasiasa, hao tunao wa kutosha. Awe dada yule wa mwaka wa tatu aliyetuuliza kama tuna msiba. Alituonyesha kumbi, bwalo la nafuu na mahali pa kuoga maji yakikatika, yote kwa dakika 40, na hakulipwa hata soda.

Usajili kwa barua ya mkopo nimeshausema. Kwa ambaye barua yake haijatoka na ana rufaa, kuwe na kitu kidogo, hata chakula cha bwaloni cha kukatwa baadaye, kabla hajafika kwenye simu yake kujitafutia. Na hotuba zile za ukumbini zigawanywe. Wekeni ya fedha siku moja kabla ya boom na ya ushauri nasaha Desemba. Benki zinaweza kuja wakati wowote, wao hawachoki.

Nilimpigia mwenzangu baada ya matokeo. Yuko kwao, anauza dagaa na mama yake mdogo, deni la zile programu lililipwa na ukoo kwa mchango. Nilimwambia ameandikwa mtoro. Akanyamaza, kisha akauliza kama kuna mtu alikuja kumuulizia. Nikamtajia mtunza hosteli na ufunguo. Tulicheka sana, ile ya kucheka mpaka unaona bora mkate simu. Anataka kuomba upya mwakani, cheti cha baba sasa kimehakikiwa. Ndoo yake ninayo, jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha.

Mkitaka maelezo zaidi, nitakuja ofisini siku yoyote mtakayonipangia isipokuwa Jumanne asubuhi. Jumanne nina semina, na nimepangiwa kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Ualimu wa Jiografia na Kiswahili